Mjadala: Kaliua inahitaji wilaya mpya, au halmashauri ya pili?

Ndugu zangu, naleta hoja hii kwa sababu neno "tugawiwe wilaya" halijatoka midomoni mwa watu wa Kaliua, wilaya yetu ya Mkoa wa Tabora, na hasa wa upande wake wa Ulyankulu, kwa miaka mingi sasa. Jibu la Serikali kwa maombi ya aina hii, yatoke Tabora au mkoa mwingine wowote, limekuwa moja: kwanza tukamilishe ofisi na miundombinu ya maeneo yaliyokwisha kuanzishwa, ndipo tufikirie mapya. Naona pande zote mbili zinabishania wilaya, ilhali linalotuumiza liko kwenye halmashauri.

Nianze na hesabu. Wilaya ya Kaliua ilimegwa kutoka Urambo mwaka 2012, na sensa ya mwaka huo ikakuta ina watu zaidi kidogo ya 393,000. Sensa ya Agosti 2022 ilikuta takriban 678,000. Kwa maneno mengine, katika miaka kumi tumeongezeka kwa zaidi ya asilimia 70, wakati nchi nzima ilitoka watu milioni 44.9 hadi milioni 61.7, sawa na ongezeko la asilimia 37 hivi. Leo karibu mtu mmoja kati ya kila watano wa Mkoa wa Tabora ni wa Kaliua, na wote hao, waliotawanyika katika eneo la kilomita za mraba zipatazo 14,000, wanahudumiwa na halmashauri moja yenye mkurugenzi mmoja.

Sasa linganisheni na Njombe. Mkoa mzima wa Njombe ulikuwa na watu wapatao 890,000 mwaka 2022, nao una halmashauri sita: Njombe Mji, Njombe Vijijini, Makambako, Makete, Ludewa na Wanging'ombe. Makete peke yake, yenye watu 110,000 hivi, ina baraza lake la madiwani, mganga mkuu wake, maofisa elimu wake na ofisa ardhi wake. Sisemi kwamba watu wa Makete wamependelewa; milima yao na umbali wao wanaujua wenyewe. Ninachosema ni kwamba hakuna hoja ya kiutawala inayoweza kueleza kwa nini watu 110,000 wawe na halmashauri moja na watu 678,000 nao wawe na hiyo hiyo moja.

Ongezeko hili halikutokana na uzazi peke yake. Wafugaji na wakulima kutoka Shinyanga, Mwanza na Simiyu wamekuwa wakihamia kwetu kwa miongo kadhaa wakifuata malisho na ardhi ya kulima, na tumbaku nayo imewavuta wengine. Kila familia inayofika hufungua shamba msituni, na pale kaya zinapokuwa nyingi huzaliwa kitongoji, kisha watu huomba kijiji, kisha shule. Mtendaji wa kijiji ambaye miaka kumi iliyopita alizijua kaya zake kwa majina leo hawezi kusema kwa uhakika ni wangapi walioingia tangu masika yaliyopita.

Mzigo wa wingi huu unaonekana wazi zaidi kwenye ardhi. Mkulima na mfugaji wakigombania bonde, mwenyekiti wa kijiji husuluhisha mara ya kwanza na ya pili, lakini mpaka ukihitaji kupimwa, au kijiji kikihitaji mpango wa matumizi bora ya ardhi ili wanakijiji wapate hati za hakimiliki za kimila kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, ni lazima wataalamu watoke makao makuu ya halmashauri. Wataalamu hao ni wachache, vijiji ni vingi, na barabara wakati wa masika zinajulikana. Mgogoro uliokuwa wa siku mbili hukaa misimu miwili, na katikati ya hiyo misimu watu huumizana. Hili ndilo linalonifanya nisiweze kulinyamazia jambo hili.

Lakini je, dawa yake ni wilaya mpya? Wengi wetu hutumia maneno "wilaya" na "halmashauri" kana kwamba ni kitu kimoja. Wilaya ni mkono wa Serikali Kuu: mkuu wa wilaya huteuliwa na Rais, ana katibu tawala wake, na huongoza kamati ya usalama. Halmashauri ni ya wananchi kupitia madiwani waliowachagua, ndiyo yenye shule, zahanati, maofisa ugani na ushuru wa mazao. Sheria zake nazo ni mbili: wilaya huanzishwa na Rais kwa utaratibu wa Sura 397, sheria ya kuanzisha mikoa na wilaya, na halmashauri huanzishwa na Waziri chini ya Sura 287, sheria ya serikali za mitaa ya mamlaka za wilaya, ile iliyotungwa mwaka 1982 kuzirudisha halmashauri baada ya kufutwa mwaka 1972. Wilaya moja inaweza kuwa na halmashauri mbili au tatu. Majirani zetu wa Kahama wanazo tatu, yaani Kahama, Msalala na Ushetu, chini ya mkuu wa wilaya mmoja. Mpanda ina Nsimbo, Sengerema ina Buchosa, Songea ina Madaba.

Kwa hiyo pendekezo langu ni Halmashauri ya Wilaya ya Ulyankulu ndani ya wilaya hii hii ya Kaliua. Hatuhitaji mkuu wa wilaya wa pili wala jengo lake, kwa kuwa ulinzi na uratibu wa Serikali Kuu unaweza kuendelea ulivyo. Kisiasa mgawanyo huu tayari upo, maana tangu uchaguzi mkuu wa 2015 tuna majimbo mawili, la Kaliua na la Ulyankulu. Wabunge ni wawili, na wote wanaingia katika baraza moja la madiwani kugombania bajeti moja.

Wapo wanaosema kwamba kugawana ni kugawana umaskini, na hoja yao si ya kupuuzwa. Mapato yetu ya ndani yanategemea sana tumbaku. Tangu mwaka 2017 ushuru wa mazao ya biashara umeshushwa kutoka asilimia 5 hadi 3, na msimu ukiwa mbaya mfuko wa halmashauri hukauka. Nakubali kwamba kabla ya kuchora mpaka wowote ni lazima tuwekewe mezani mapato ya kila kata kwa miaka kadhaa, tujue kama nusu moja itaachwa na misitu ya hifadhi na nusu nyingine na vyama vya msingi vyote, yaani vyama vya ushirika vya wakulima wa tumbaku. Hata hivyo, fedha nyingi za halmashauri zetu hutoka Serikali Kuu, na hizo kwa sehemu kubwa zinapaswa kufuata vichwa: fomula ya kugawa ruzuku ya afya iliyowekwa katikati ya miaka ya 2000 iliipa idadi ya watu uzito wa asilimia 70. Vichwa havipungui kwa kugawanywa. Shida yetu ni kwamba vichwa hivyo huhesabiwa mara moja kwa miaka kumi, na eneo linalokua kwa kasi kama letu huwa limeshapitwa na hesabu yake ndani ya miaka mitatu au minne. Rejista za wakazi za vijiji zikitunzwa na kuaminiwa, pengo hilo linaweza kuzibwa, iwe tumegawanywa au la.

Tusidanganyane pia kuhusu barabara na maji. Tangu 2017 barabara za wilaya ziko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, na tangu 2019 maji ya vijijini yako chini ya RUWASA, wakala wa maji vijijini; zote ni za Serikali Kuu, si za halmashauri. Anayedai halmashauri mpya kwa sababu ya daraja lililokatika atakuja kukata tamaa, na ni haki aambiwe mapema.

Limebaki jambo moja ambalo naomba lijadiliwe kwa staha. Ulyankulu ni nyumbani kwa maelfu ya watu ambao wazazi wao walikimbia mauaji ya Burundi mwaka 1972, na makazi yao yaliongozwa kwa miongo mingi na mkuu wa makazi aliyewajibika kwa Wizara ya Mambo ya Ndani. Zaidi ya watu 160,000 wa Ulyankulu na wa makazi mengine kama hayo ya Katumba na Mishamo walikubaliwa uraia mwaka 2010, wakaambiwa watahamishiwa mikoa mingine, mpango ule ukaachwa, na vyeti wakaanza kupewa mwaka 2014. Uraia wao haukuongeza hesabu ya sensa, kwa sababu sensa humhesabu kila aliyelala nchini usiku ule, lakini uliongeza haki: kuchagua diwani, kumiliki ardhi ya kijiji, kudai zahanati. Nimesikia watu wakinong'ona kwamba halmashauri ya Ulyankulu itakuwa "ya wageni". Hao si wageni tena, na wengi wao hawajawahi kulala usiku mmoja nje ya Tanzania. Vilevile mpaka usichorwe kwa namna ya kuwatenga wawe peke yao, wala kwa kuzikata kata zao vipande ili wasiwe na sauti katika baraza lolote.

Naomba wenyeji wa pande zote mbili wachangie, hasa mliowahi kuwa madiwani au watendaji wa kata. Je, kata zilizo kati ya reli inayopita Kaliua na Ulyankulu zingependa kwenda upande upi, na makao makuu mkiyaweka wapi ndipo mjamzito, mwalimu na mwenye mgogoro wa shamba watafika na kurudi siku hiyo hiyo?