Kisima cha mtaa, Uyole (Mbeya): maji yametoka na tope tena

Mama Tumaini: Habari za asubuhi majirani. Maji ya kisima yana tope tangu mvua ya jana. Tununue unga wa klorini tumwage leo?

Fundi Visima: Salama mama. Subirini kwanza. Maji yakichafuka saa chache tu baada ya mvua, ujue ni maji ya juu yanapenya, ama kwenye maungio ya ringi (zile duara za zege za ukuta wa kisima), ama kwenye sakafu iliyopasuka pale tunapochotea. Mkitia dawa leo, mvua ya kesho italeta uchafu uleule. Tena tope lenyewe linaimaliza nguvu klorini kabla haijafikia vijidudu.

Baba Atu: Tuanzie wapi fundi?

Fundi Visima: Chimbeni kuzunguka ringi ya juu, kina cha mita 1 au zaidi. Zibeni maungio kwa saruji 1 mchanga 3. Kisha rudishieni udongo wa mfinyanzi, mshindilie tabaka kwa tabaka. Ule mliouchimba msiurudishe, huku kwetu una changarawe nyepesi za volkano, unapitisha maji upesi mno. Juu yake zege 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto) lenye mwinamo wa kutoka kisimani, na mfereji wa kupeleka maji kwenye migomba. Limwagilieni maji siku 7! Wengi wanaliacha likaukie juani, linapasuka, kazi yote bure.

Dada Rehema (Afya): Na lile shimo jipya la choo upande wa juu? Lisipungue mita 30 toka kisimani, na kitako chake kibaki mita 1.5 juu ya usawa wa maji ya ardhini wakati wa masika. Nasema masika kwa sababu kiangazi maji yanashuka na kipimo kinadanganya. Naomba sana lisimamishwe hadi tupime.

Baba Atu: Nalipitia leo jioni na mwenyekiti. Dawa je?

Dada Rehema (Afya): Baada ya ukarabati, toeni tope lote, msugue kuta. Kisima chetu kina kipenyo cha mita 1.2, maji yakiwa mita 3 ni kama lita 3,400. Unga wa klorini wa asilimia 65 ni gramu 260. Ndoo iwe ya plastiki, unga utiwe kwenye maji, siyo maji kwenye unga. Vaeni glavu na barakoa. Mwageni, funikeni kwa muda wa saa 12, halafu vuteni maji mpaka harufu iishe. Msiyaelekeze mtoni, yanaua samaki.

Mama Tumaini: Na ya kunywa kwa sasa?

Dada Rehema (Afya): Yaacheni yatuame, chujeni kwa kitambaa safi, chemsheni yatokote dakika 1. Wenye ndugu Makete, kule juu ya mita 2,000 toka usawa wa bahari, waambieni dakika 3, maji yanachemka kwa joto dogo zaidi.

Mama Tumaini: Ndaga fijo (asante sana). Fundi, saruji mifuko mingapi?

Fundi Visima: Sakafu ya duara, kipenyo mita 3, unene sentimita 10, pamoja na kuziba maungio: mifuko 5. Mchanga uwe wa mtoni, uoshwe.