Virusi havionekani, mbona mwili unazeeka mbio?

MamaDagaa
Habari za humu ndugu zangu. Nina miaka 54, nauza dagaa Mwaloni Kirumba. Dawa za VVU nilianza 2006, sasa niko kwenye TLD (kidonge kimoja chenye tenofovir, lamivudini na dolutegravir), na kipimo hakioni virusi. Lakini magoti yanalia, nimenenepa, na juzi presha ilisoma 160 kwa 100. Dada yangu mkubwa, ambaye hana VVU, bado anapanda mawe ya Mabatini na ndoo kichwani! Ni virusi vinanizeesha au dawa?

Nesi_Igoma
Pole dada. Vyote vinachangia, na umri pia. Hata virusi vikidhibitiwa, kinga ya mwili haitulii kabisa. Hali hiyo ikidumu miaka inaumiza mishipa ya damu, moyo, figo na mifupa. Dolutegravir huwanenepesha baadhi ya watu, tenofovir inaweza kugusa figo na mifupa. Usiache dawa! Kliniki yako ya VVU (CTC) waombe wakupime tena presha, wapime sukari na kreatinini (kipimo cha damu cha figo). Ukianzishiwa metformin, dawa ya kisukari, wakumbushe unatumia dolutegravir, dozi ya metformin ina kikomo.

Kijana wa Pasiansi
Shikamoo mama. Uliza pia kuhusu statini, dawa za kushusha kolesteroli (mafuta kwenye damu). Utafiti wa REPRIEVE wa 2023, kwa wenye VVU wa miaka 40 hadi 75, ulionyesha pitavastatini, mojawapo ya statini, inapunguza matukio makubwa ya moyo na kiharusi kwa 35%.

MamaDagaa
Marahaba mwanangu. Na vidonge vya kalsiamu nilivyouziwa dukani kwa ajili ya magoti?

Nesi_Igoma
Usivimeze na TLD tumbo tupu, vinazuia dawa isifyonzwe. Meza vyote pamoja na chakula.