Naomba ushauri: andiko la utafiti wa vyura wanaozaa limerudi mara ya pili

Mluguru_Mdogo: Wakuu, habari za mchana. Nasoma shahada ya pili. Nimechagua vyura wa jenasi ya Nectophrynoides, ambao duniani kote wanapatikana Tanzania tu. Hawa hawana habari ya viluwiluwi: mama anazaa vichura kamili. Wako Usambara, Uluguru, Udzungwa, na katikati ni tambarare kavu. Ukishuka basi Mikumi saa saba mchana utaelewa kwa nini chura wa msitu wa mawingu hawezi kukatiza pale. Nikaandika kwamba zamani msitu ulikuwa mmoja, ukakatika. Msimamizi kaizungushia sentensi hiyo wino mwekundu: "Umejuaje?" Hela ya maabara ni ya kuungaunga. Nianzie wapi?

TopeLaKinamasi: Usimnunie, kauliza la maana. Msitu kukatika ni hadithi moja, chura kuhama ni nyingine, na zote mbili zinaweza kumfikisha chura kwenye milima ileile. Kinachozitenganisha ni wakati. Kama koo (yaani matawi ya ukoo) za vyura, vinyonga na mimea ya milima hiyo ziliachana karibu kipindi kimoja, yaelekea tukio moja liliwakata wote. Kama kila ukoo una tarehe yake, basi fikiria njia za msitu zilizofunguka na kujifunga mara kadhaa. Andika dhana zote mbili, kisha useme ni data gani itaiangusha ipi.

Mluguru_Mdogo: Nilitaka kutumia chavua (unga wa maua) ya kale ya Deva-Deva kama ushahidi.

TopeLaKinamasi: Hapo utateleza. Kinamasi cha Deva-Deva kiko juu Uluguru, na tope lake linarudi nyuma kama miaka 48,000. Unadidimiza bomba, unatoa nguzo nyembamba ya tope, unahesabu chavua tabaka kwa tabaka, kipimo cha kaboni kinakupa umri. Inaonyesha msitu wa mlimani ulidumu hata enzi za barafu, mvua ya Bahari ya Hindi ikiubeba. Lakini koo za vyura hupimwa kwa mamilioni ya miaka! Tope linakwambia kwa nini hawakufa. Walifikaje, halijui.

Mama_Kabati: Mwanangu, kabla ya kununua gambuti, fungua makabati ya watu. Tornier, mtaalamu wa wanyama Mjerumani, alimweleza chura wa kwanza wa kundi hili mwaka 1905, na makumbusho ya Berlin yana vielelezo vingi vya zama za Wajerumani. Angalia lebo kwa makini. Nyingine zimeandikwa "Usambara" basi, bila kijiji wala mwinuko. Ukikuta Wilhelmstal, hiyo ni Lushoto. Na uulize kilihifadhiwa kwa spiriti au formalini, maana formalini huharibu vinasaba vibaya sana.

Mluguru_Mdogo: Shikamoo mama, asante. Na umri wa matawi nitaupataje bila visukuku?

Mama_Kabati: Marahaba. Mifupa ya vichura kwenye msitu mbichi huoza, usiitegemee. Watu hutumia visukuku vya jamaa zao wa mbali kuirekebisha saa ya vinasaba, yaani kukadiria umri kwa kuhesabu tofauti za vinasaba, ndiyo maana jibu huja na nafasi pana, toka namba ndogo hadi kubwa. Andika nafasi yote, usichague namba ya katikati kwa sababu inapendeza. Vipimo vingi vya vinasaba vimeshawekwa wazi mtandaoni bure. Anza na hivyo, hela yako ijaze mapengo.

Mluguru_Mdogo: Nawaandikia makumbusho usiku huu.

Mama_Kabati: Taja namba za vielelezo unavyotaka. Ukiomba "vyura wenu wote wa Tanzania" hawatakujibu.