Sumu ya nyuki kwa baridi yabisi: ina nini ndani yake, na je, mama akadungwe?

MwanaMuheza

Ndugu wanajukwaa, habari za jioni. Mama yangu mzazi ana umri wa miaka 61 na anasumbuliwa na baridi yabisi ya vidole na magoti. Vidonge anavyopewa hospitali vinampunguzia maumivu, ila vinamletea kiungulia kikali, na sasa amechoka navyo. Jirani amemweleza kwamba mjini Tanga yupo mzee anayewatibu watu kwa nyuki hai: humshika nyuki kwa kibano, humweka juu ya kiungo kinachouma na kumwacha adunge. Nimezoea kusikia kwamba warina asali hawaugui viungo, kwa hiyo sikutaka kulipuuza jambo hili moja kwa moja. Ninaomba mwenye ujuzi anieleze sumu hiyo ina nini ndani yake, na kama imethibitishwa kuwa ni dawa.

Mfamasia wa Pwani

Mpe mama pole. Nianze na yaliyomo, kwa kuwa mvuto wa tiba hii na hatari yake vinatoka mahali pamoja.

Sumu ikiwa bado mbichi ni maji kwa sehemu kubwa, yapata asilimia 88. Ukiikausha, karibu nusu ya uzito unaobaki ni melitini, peptidi, yaani kipande kifupi cha protini, yenye asidi amino 26 ambayo hujipenyeza katika utando wa seli na kuutoboa. Maumivu yale makali ya papo hapo yanatokana nayo kwa kiasi kikubwa. Inafuata fosfolipasi A2, kimeng'enya kinachofikia takriban asilimia 10 hadi 12, ambacho huvunja mafuta ya utando huohuo, na ambacho ni miongoni mwa visababishi vikuu vya mzio kwa watu wanaodhuriwa na nyuki. Hialuronidasi ni kidogo, lakini hulegeza nafasi zilizo baina ya seli na kuifungulia sumu njia ya kusambaa. Apamini huathiri neva. Ipo peptidi nyingine inayozichochea seli za kinga zilizomo ndani ya ngozi zimwage histamini, na huo ndio uvimbe na mwasho tunaoujua sote. Mwisho kuna adolapini, ambayo huzuia kimeng'enya kilekile kinachozuiwa na dawa za maumivu kama aspirini na diklofenaki, na hapo ndipo watetezi wa tiba hii wanaposimamia hoja yao.

Hoja hiyo si ya kubuni. Daktari Philipp Terč wa Maribor, mji ulioko Slovenia ya leo, alichapisha mwaka 1888 maelezo ya wagonjwa wa viungo waliodungwa nyuki, na katika maabara panya waliosababishiwa uvimbe wa viungo wamepata nafuu kwa sumu hii. Shida inakuja kwa binadamu, ambako majaribio makini ni machache na hayajatosha kuifanya kuwa tiba ya baridi yabisi. Uholanzi waliijaribu kwa ugonjwa mwingine wa kinga, ule unaoharibu utando wa neva: wagonjwa 26 walidungwa hadi nyuki 20 kwa siku, mara tatu kwa wiki, kwa wiki 24, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2005 hayakuonyesha faida yoyote. Wanaodai kwamba sumu hii huua saratani ya matiti wanarejelea kazi ya maabara iliyofanyika Perth, Australia, na kutangazwa mwaka 2020. Kutoka seli za maabara hadi mgonjwa ni safari ndefu.

Matumizi yaliyothibitika vizuri ni kwa mtu mwenye mzio mkali wa nyuki mwenyewe. Huyo huchomwa sindano za sumu iliyosafishwa, akianza na kiasi kidogo mno hadi afikie mikrogramu 100, kisha huendelea kwa miaka mitatu hadi mitano chini ya uangalizi wa daktari, mpaka mwili uizoee.

Mrina wa Handeni

Mimi si mganga, ni mfugaji, na viungo vinaniuma kama watu wengine, kwa hiyo usemi ule wa warina msiushike sana.

Nizungumzie kipimo. Nyuki mmoja hubeba takriban miligramu 0.1 hadi 0.3 za sumu kavu, lakini kinachoingia mwilini hutegemea mwiba umekaa muda gani. Mwiba wake una vijino kama ndoana, hivyo hunasa katika ngozi na kung'oka pamoja na kifuko, na kifuko hicho huendelea kusukuma sumu baada ya nyuki kuondoka. Ukitazama kwa karibu utakiona kikipwita. Ndani ya sekunde 20 hivi sehemu kubwa imeshaingia, kwa hiyo utoeni mwiba kwa ukucha au kwa chochote kilicho karibu, bila kuchelewa. Pale penye mwiba pia hubaki harufu ya ndizi mbivu inayowaita nyuki wengine, na anayetibia jirani na mzinga anapaswa kulijua hilo.

Wanaoikusanya kwa biashara hutumia kioo chenye nyaya za umeme mdogo mbele ya mlango wa mzinga. Nyuki hudunga kioo, mwiba haunasi, naye hafi. Sumu hukauka, kisha hukwanguliwa kwa wembe, mkusanyaji akiwa amefunika pua na macho. Kwa hesabu ya miligramu 0.1 kwa kila nyuki, gramu moja inahitaji nyuki 10,000, na kundi linalofanyiwa hivyo hukasirika kweli kweli.

MwanaMuheza

Nawashukuru. Mama hajawahi kudhurika alipoumwa na nyuki shambani. Kwa upande wa dawa, pamoja na za viungo anakunywa atenolol ya presha. Je, inahusika?

Mfamasia wa Pwani

Inahusika sana. Mzio mkali ukitokea, dawa ya kwanza ni adrenalini inayochomwa pajani, na atenolol huweza kudhoofisha kazi yake. Kutodhurika zamani nako si kinga: nchini Hispania, mwanamke wa miaka 55 aliyekuwa akidungwa nyuki kila mwezi kwa miaka miwili bila tatizo alipatwa na mzio ghafla na hatimaye akafariki, kisa kilichochapishwa mwaka 2018. Kwa mganga asiye na adrenalini nyumbani kwake, mimi nisingempeleka mama. Asiache vidonge kwa sababu ya kiungulia, bali arudi kwa daktari na kumweleza hivyo hivyo, kwa kuwa zipo dawa za kulinda tumbo na zipo za baridi yabisi zenyewe, kama methotrexate, ambazo hazifanyi kazi kwa njia ya diklofenaki. Aende na vidonge vyote anavyotumia, pamoja na vile vya presha.