Mjadala: Vitabu vya kuchekesha vinafaa kufundishia fasihi watoto wa msingi?

Mwanzisha mada

Wakuu, salaam.

Shuleni kwa mwanangu hapa Dar, moja ya hizi ingilishi midiamu, kumezuka mzozo. Mwalimu wa Kiingereza wa Darasa la Tano ameamua muhula huu fasihi yote aifundishe kwa kitabu kimoja, Matilda cha Roald Dahl, kilichotoka 1988. Kwa asiyekijua: ni habari za binti mdogo mwenye akili za ajabu. Baba yake ni tapeli wa magari, nyumbani hawataki kumwona na kitabu, na mkuu wa shule yake ni mama mmoja mkatili aliyewahi kurusha nyundo Olimpiki. Siku moja huyo mkuu anamkamata mtoto kwa nywele zake za kusuka, anamzungusha, anamrusha ng'ambo ya uzio. Mtoto anatua mzima. Darasa zima hoi kwa kicheko.

Grupu la WhatsApp la wazazi halilali. Wengine wanasema tunalipa ada ili watoto wafundishwe kuwadharau walimu? Wengine wanajibu kwamba watoto wao hawajawahi kuomba kitabu, sasa wanadai cha pili kabla cha kwanza hakijaisha.

Mimi nasema vinafaa, tena vianze mapema kuliko Darasa la Tano. Hoja ya adabu hainiingii akilini. Tumekuzwa na Abunuwasi na Sungura, na kati yao sijui ni yupi aliyewahi kumnyenyekea mkubwa.

Chukueni ile ya sufuria. Abunuwasi anaazima sufuria kwa jirani, anairudisha na kisufuria ndani: imezaa. Jirani anapokea zote mbili, kimya. Anaazima tena, safari hii hairudi: imekufa. Jirani anakuja juu, sufuria inakufaje? Anaulizwa, mbona ilipozaa hukushangaa? Sasa msomee mtoto wa miaka minane halafu muulize, mwongo hapa ni nani? Atasema Abunuwasi. Mwenzake atadakia, hapana, ni jirani, maana uongo ulipomfaa aliukubali. Watabishana mpaka kengele ilie. Hapo umeshafundisha wahusika, mgogoro na kejeli, na chaki hujaishika.

Kinachoua fasihi shuleni ni lile swali la mwisho wa hadithi: "Hadithi hii inatufundisha nini?" Mtoto ametoka kucheka mpaka machozi, mara anatakiwa aandike "inatufundisha tusiwe na tamaa". Anachoondoka nacho ni kwamba kucheka kulikuwa kupoteza muda, kazi yenyewe ni kusaka funzo. Akifika kidato cha nne anakariri dhamira na ujumbe kwenye noti za kununua, kitabu chenyewe hajakifungua.

Halafu kuna jambo ambalo kwenye grupu hakuna aliyeligusa. Watoto wanamcheka yule mkuu wa shule kwa sababu wanamjua. Kanuni za viboko za 2002 zinasema visizidi vinne, na achape mkuu wa shule au mwalimu aliyempa ruhusa. Muulize mtoto yeyote wa mjini hapa kama ndivyo inavyokuwa.

(Umbea kidogo: Dahl mwenyewe aliishi hapa hapa Dar, 1938 hadi 1939, kijana wa kampuni ya mafuta ya Shell. Kiswahili alijifunza. Vita vilipoanza akaenda kuwa rubani.)

Nawasilisha.

Mzazi, Tabata

Mkuu, adabu umeiruka haraka mno. Abunuwasi anamshinda mfalme kwa akili, na mara nyingi mfalme mwenyewe anaishia kucheka. Kwenye Matilda mtoto anamlipizia baba yake mzazi: anampaka gundi kwenye kofia, anamchanganyia rangi kwenye dawa ya nywele. Wa kwangu ana miaka kumi. Nikimzimia tivii, mimi na yule baba wa kitabuni kwake ni wamoja.

Na huyo mwandishi mnamshangilia bure. Kile kitabu chake cha kiwanda cha chokoleti kilipotoka 1964, vibarua wa kiwandani walikuwa mbilikimo waliotolewa msituni Afrika, malipo yao mbegu za kakao. Kilirekebishwa miaka ya 70 baada ya watu kulalamika. Tutafute waandishi wetu.

Msomaji, Kinondoni

Wetu ni yupi? Sekondari nilisoma Mabala the Farmer cha Richard Mabala. Mwandishi amezaliwa Uingereza, akawa Mtanzania, na hakuna kitabu cha Kiingereza tulichokigombania kama kile. Tulikuwa tunaitana Mabala mpaka likizo.

Mwalimu, shule ya serikali, Mbagala

Nyie mnabishana juu ya Matilda, mimi nina watoto zaidi ya mia kwenye chumba kimoja. Utani wa Kiingereza kwangu haufanyi kazi. Mpaka nimalize kuueleza umeshapoa, wanacheka kwa sababu aliye mbele amecheka. Wa Kiswahili wananiwahi, sentensi haijaisha mtu yuko chini ya dawati. Kwa hiyo lugha kwanza, mwandishi baadaye.

Na swali la "inatufundisha nini" siliachi, mkuu. Mtihani unaliuliza. Nikiliacha, mthibiti ubora (mkaguzi wa shule) akija ataniuliza mimi, hatakuuliza wewe.

Mwanzisha mada

Tabata, kwa kile kiwanda cha chokoleti tuko pamoja, ila mimi nisingekificha. Ningewaletea watoto niwaulize: anayechekwa hapa ni nani, na yeye akisoma atacheka? Mkuu wa shule mwenye nguvu akichekwa ni jambo moja, kibarua anayelipwa kakao ni jingine, na mtoto wa miaka kumi analiona hilo ukimpa nafasi. Hata Uingereza hawajamaliza ugomvi huu. 2023 mchapishaji wake, Puffin, alibadilisha maneno kwenye vitabu vya Dahl, kelele zikawa nyingi, akatangaza kwamba matoleo ya zamani nayo yataendelea kuchapwa.

Mwalimu wa Mbagala, swali la mtihani uliza, lakini lisubiri siku ya pili. Siku ya kwanza waache wabishane. Na kuhusu lugha nakubaliana nawe kabisa: Abunuwasi kwa Kiswahili Darasa la Tatu, huyo Dahl asubiri zamu yake. Ila nieleze, watoto zaidi ya mia na vitabu hamna, unafanyaje?

Mwalimu, Mbagala

Nakala moja. Mmoja anasoma mbele, pale hadithi inaponoga namkatisha, kitabu anapewa aliyekuwa anapiga soga nyuma. Wanaosoma vizuri ndio wanaonilalamikia, maana siku hizi wote wanataka kukaa nyuma.