Naomba ushauri: seva inapanda CPU mpaka websaiti inagoma kufunguka

Wakuu habarini, nipo Arusha, nasimamia websaiti ya kampuni ya utalii, wageni wanabuku safari za Serengeti na kupanda Kilimanjaro. Ni WordPress, imekaa kwenye VPS (seva ya kukodi) ya core 2 na RAM gigabaiti 4, Ubuntu, Apache na MariaDB (database).

Sasa inatulia fresh tu halafu ghafla CPU inafika 100, ukurasa unazunguka weee mpaka inaleta 504 (eti seva imechelewa kujibu), hata SSH yenyewe ya kuingilia seva kwa mbali unaandika herufi inakuja kutokea baadae. Nikiwahi kufungua top (ya kuonyesha prosesi) naona php-fpm, zile prosesi za kuendesha PHP, zimejazana kibao, load (foleni ya kazi) inapita 30 na kswapd0 nayo ipo juu, nahisi RAM inaisha inaanza kuswapu, yaani kuhamishia data kwenye diski. Nikiristati php-fpm inapumua kidogo halafu yaleyale.

Kwenye logi kuna POST (maombi ya kutuma data) za xmlrpc.php (mlango wa app za nje) na wp-login.php (ukurasa wa kulogin) kama mvua, IP tofauti tofauti. Ningeshaifunga xmlrpc ila bosi anapostia picha kwa app ya simu na app inapitia hukohuko.

Jamaa wa hosting wanasema nipandishe paketi, mi naona wanataka hela tu, na msimu huu wa mvua bosi hasikii habari za dola.

pm.max_children (kikomo cha prosesi za php-fpm) ipo 50 na kila prosesi inakula kama megabaiti 80, si ndo RAM yote hiyo? Niishushe mpaka 20 hivi, au nianze na slow log ya MariaDB (logi ya query zinazochelewa) kwanza? Na hao boti wanaotuma hizo POST, fail2ban (programu ya kufungia IP sumbufu) itawaweza kweli kama IP zinabadilika kila saa?