Tupeane uzoefu: uamuzi gani wa mipango miji ulibadilisha maisha mtaani kwako?

Mdau wa Ngamiani:
Wakuu salaam, hasa wa Tanga jiji. Mimi nakaa Ngamiani na kila nikipata mgeni anashangaa mbona huku mtu hapotei. Barabara zina namba, ya kwanza, ya pili, ya tatu, zinakwenda hivyo kwa mpangilio, unamwambia wa bajaji nipeleke barabara fulani basi kashafika. Watu wakiwa na shughuli wanafunga barabara kwa turubai usiku kucha na hakuna anayekwama maana unazunguka barabara ya pili yake unatokea kulekule. Zimamoto wanapita, bomba la maji lina pa kulazwa, msiba ukitokea jeneza linatoka bila kupindwapindwa.

Tuseme ukweli lakini, waliochora enzi za ukoloni hawakuchora kwa kutupenda. Wenyewe walijichukulia upande wa bahari wenye upepo, kule Raskazone, Mwafrika akawekwa ng'ambo ya reli. Ila barabara zilichorwa kabla ya nyumba, na hilo ndo linatusaidia mpaka leo wajukuu. Kuchora mapema kunahitaji mpima na mawe ya mipaka tu, ukichelewa unabomoa nyumba ya mtu. Mimi nasema ujasiri wa mipango miji uko hapo, kukataa eneo lisijengwe wakati bado liko tupu na kila mtu analitamani. Lete uzoefu wako, uzuri au ubaya.

Mama Wawili:
Asante mkuu umenigusa. Sisi tuko pembezoni, tulinunua viwanja kwa mkono, karatasi ya serikali ya mtaa na mashahidi basi, kila mtu akajenga anavyotazama yeye. Njia ikabaki uchochoro, usukani wa bodaboda unakwaruza ukuta huku na huku. Mke wa jirani alishikwa uchungu usiku tukambeba kwenye kiti cha plastiki mpaka lami ndo gari likampokea kwenda hospitali ya Bombo. Hapo ndo watu tulianza kusema hapana.

Urasimishaji ulipokuja, yaani kupima na kutambua rasmi viwanja vilivyojengwa bila mpango, tukakaa kikao chini ya mwembe, mabishano makali aisee, maana ili barabara ipatikane kila mmoja akate kipande cha kiwanja chake na hakuna wa kukulipa. Aliyetuokoa ni mzee mmoja wa kona, hakusema mengi, kesho yake asubuhi tukamkuta anang'oa michongoma yake mwenyewe anairudisha nyuma hatua kadhaa. Baada ya hapo nani angebisha? Kuna aliyehamisha choo, kuna aliyevunja kibaraza. Sasa gari la kunyonya vyoo linafika, wanaume hawajui hilo lina maana gani kwetu, zamani choo kikijaa unachimba kingine uani mpaka uwanja unaisha na kisima cha jirani kiko palepale.

Fundi Baiskeli:
Mimi naongea ya baiskeli maana ndo riziki yangu. Tanga ardhi tambarare, toka zamani ni mji wa baiskeli, mama anaenda sokoni nayo, mwanafunzi nayo, mzee wa swala ya alfajiri nayo. Lami mpya tunaishukuru lakini magari yamepata mbio na sisi tumesukumwa ukingoni kwenye mchanga, naletewa rimu zimepinda kila wiki na wengine wanakuja na plasta ngumu ya mfupa uliovunjika (POP) mguuni. Kinachotakiwa sio kikubwa, njia ya baiskeli yenye kizingiti kabisa sio mstari wa rangi, mstari bodaboda anaukanyaga tu. Mkiniuliza uamuzi gani jasiri Tanga ifanye kesho, ni huo, na iutangulize mbele ya maegesho ya magari.

Mwanafunzi wa Ramani:
Mimi nasoma mipango miji, lazima nilete ya mji wa Curitiba, Brazil. Meya wao Jaime Lerner, alikuwa msanifu majengo, aliingia 1971, na 1972 akaamua mtaa mkuu wa biashara usipite magari tena. Wenye maduka walikuwa wakali, wanasema wateja wataisha. Yeye akaanza kazi Ijumaa jioni, mafundi wakakesha wikiendi nzima, kabla watu hawajajipanga kwenda mahakamani mtaa ukawa wa waenda kwa miguu, una maua na viti. Wenye magari wakataka kuuvamia kwa nguvu, wakakuta watoto wametandikiwa makaratasi marefu katikati ya barabara wanachora picha. Nani atawapitia na gari? Na walewale wenye maduka baadaye ndo wakaomba mtaa urefushwe.

Ila kwangu kubwa zaidi ni mabondeni. Mito yao ilikuwa inafurika, badala ya kuijengea zege wakazuia ujenzi kwenye mabonde wakafanya bustani zenye maziwa, mvua ikija maji yanakaa humo, jua likiwaka watu wanapumzika. 1974 wakaanza mabasi yenye njia yake peke yake, wazo ambalo miji mingi ililichukua, Bogotá mwaka 2000 na hata mwendokasi ya Dar 2016 ni ukoo huohuo. Sasa tazama huku kwetu bonde likikauka miaka miwili mtu anapima kiwanja, wa tatu anaelea.

Mdau wa Ngamiani:
@Mwanafunzi swali, huo wa kukesha wikiendi bila kuwashirikisha watu, wewe unaukubali? Maana kwa Mama Wawili pale mwembeni walikubaliana wenyewe.

Mwanafunzi wa Ramani:
Mkuu tofauti ni kwamba mtaa ungeweza kurudishwa ulivyokuwa wakishindwa, hakuna aliyelala nje. Nyumba ya mtu huwezi kuirudisha.

Aliyehama Kimara:
Hapo hapo mwanafunzi. Mimi nilikuwa Dar 2017 barabara ya Morogoro inapanuliwa kutoka Kimara kwenda Kibaha njia nane. Nyumba ya shangazi ikapigwa X nyekundu, wakaambiwa wako ndani ya hifadhi ya barabara, yaani ardhi ya pembeni iliyotengwa kwa ajili ya barabara, kwaiyo fidia hakuna. Shangazi alikuwa na umeme, ana maji, analipia vyote, miaka yote hiyo nani alimwambia hapa si pako? Leo hiyo barabara napita na ni nzuri sikatai, basi linakimbia. Lakini mkisifia ujasiri mnisikilize na mimi, ujasiri wa kumbomolea mnyonge kila mtu anauweza.

Hata Seoul kule Korea Kusini wanaosifiwa kila siku, walivunja barabara ya juu kwa juu 2003 wakaufukua mto Cheonggyecheon uliokuwa umefunikwa, 2005 ukafunguliwa, watu wanakaa pembeni ya maji katikati ya jiji, nzuri sana. Wachuuzi waliokuwa wanauza pale walihamishwa, na picha zao huwezi kuziona kwenye hizo sifa.

Mzee wa Diko:
Vijana mmesema vizuri. Mimi ni mvuvi, naongelea pwani. Sheria ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli ya kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni, lakini kila mwaka ukuta mpya unashuka mpaka yanapofika maji, na vijia tulivyopita toka enzi za babu zetu vinafungwa na geti. Mtoto wa Tanga atajifunza kuogelea wapi? Ngalawa zitaegeshwa wapi? Bustani ya Jamhuri ipo watu wanakaa jioni wanatazama bandari bila kulipa senti, ni kwa sababu pale hakuna aliyeruhusiwa kujenga nyumba yake.

Na sasa bomba la mafuta kutoka Hoima Uganda, kilomita 1,443, linaishia kwetu Chongoleani. Wageni wanaongezeka, viwanja vinauzwa kwa simu na mtu asiyepajua. Mikoko ikikatwa leo kupisha nyumba, bahari itakuja kuidai nyumba hiyo. Diko, yaani sehemu za kuegesha ngalawa na kushusha samaki, zipimwe, njia za kushukia baharini ziwekwe kwenye ramani na mawe yafukiwe kabla bei haijapanda zaidi.

Mdau wa Ngamiani:
Mzee wangu shikamoo, umemaliza kila kitu. Mama Wawili, mdogo wangu anataka kiwanja huko huko pembezoni, ampitie nani kwanza?

Mama Wawili:
Asimsikilize dalali peke yake. Aende idara ya ardhi ya jiji aombe kuona mchoro wa mipango miji wa eneo hilo uliopitishwa, aone kiwanja chake kimeandikwa makazi au ni eneo la wazi au shule, watu wengi wanauziwa kiwanja cha shule. Halafu asimame pale akiwa na mpima aulize vitu viwili, barabara ya mbele ni mita ngapi na maji ya mvua yanatokea wapi yanaenda wapi. Na aende siku ya mvua.